Kitasa Hakina Kosa, Mlango Ndio Umelala

Msyuuu! Hivi jamani, nani katufundisha kukipiga kitasa? Mlango wa baraza ya nyuma ukigoma kufunga, baba anausukuma kwa bega, mama anaunyanyua kwa goti, kijana anaumalizia kwa teke. Ufunguo ukikatikia ndani, anaitwa fundi. Naye hajatua hata begi lake, keshasema: "Hiki kimekufa bosi, kanunue kingine Kariakoo." Aah! Kimekufa kwa ugonjwa gani?

Kabla hujatoa hela, acha mlango wazi kabisa, kisha zungusha ufunguo. Ulimi ukitoka na kurudi bila kukwama, kitasa kizima. Mgonjwa ni mlango: umelala. Bawaba zimelegea, au mbao imevimba kwa mvua za masika, sasa ulimi unagonga bati la kwenye fremu badala ya kuingia tunduni. Paka ulimi chaki, funga, jaribu ufunguo, halafu tazama alama imeangukia wapi. Ikiwa chini ya tundu, anza kukaza bawaba ya juu. Skrubu inazunguka bure? Jaza njiti za mbao na gundi kwenye tundu lake, ikauke, ukaze upya. Ikibaki milimita 1 au 2, chukua tupa upanue tundu la bati. Patasi ibaki begini!

Nyinyi wa milango ya aluminiamu ya kusukuma pembeni, shida yenu iko miguuni. Mchanga umejaa kwenye reli, kona imeshuka, ndoano ya kitasa haipati pa kushika. Safisha reli kwanza. Kisha tafuta skrubu iliyojificha chini, ukingoni mwa mlango, karibu na kigurudumu. Izungushe kidogo, jaribu kufunga, izungushe tena mpaka kona ikae sawa.

Kikikwama hata mlango ukiwa wazi, hapo sawa, kitasa kinaumwa. Cha silinda hakihitaji nyundo: fungua skrubu ndefu iliyo ukingoni mwa mlango, ingiza ufunguo, ugeuze kidogo mpaka jino la katikati lilale ndani ya mwili wa silinda, sukuma itoke. Nenda nayo dukani, maana pande zake mbili huenda zisilingane urefu. Mpya isichomoze nje ya mlango. Mwizi akipata pa kuibana kwa koleo, ataivunja.

Na mafuta ya kupikia kwenye tundu la ufunguo, tuache! Yananasa vumbi, yanaganda. Unga wa ncha ya penseli unalainisha bila kunata.

Lakini linaloniuma hasa ni hili: kitasa kikisumbua, watu wanafunga mnyororo na kufuli kwenye grili, basi, maisha yanaendelea. Msyuuu! Jiko likishika moto usiku, umeme umekatika, moshi umejaa sebuleni, nani atapapasa ufunguo wa kufuli? Mlango wa nyuma kazi yake si kumzuia mwizi tu, ni kuwatoa watoto pia. Leo kabla ya kulala, kila mmoja akajaribu wake kutoka ndani, taa zikiwa zimezimwa. Ukigoma, kesho asubuhi bisibisi mkononi, chai baadaye.