Akukatie Bima, Asikukate Mshahara

Ah, jamani! Asubuhi hii kahawa haijapoa, binti wa jirani kapita kijiweni kutuaga. Anakwenda Sharjah, Falme za Kiarabu, kazi za ndani. Mzee mmoja akamuuliza: "Mwanangu, ukiugua huko nani atakutibu?" Binti akasema wakala kamwambia hela ya bima itakatwa kwenye mshahara wake wa kwanza. Benchi zima tukasonya.

Hapana, mdogo wangu. Mzigo huo si wako. Abu Dhabi walishalazimisha bima kwa sheria ya 2005, Dubai wakafuata na ya 2013. Tangu Januari 1, 2025 zimeingia na falme za Sharjah, Ajman, Umm Al Quwain, Ras Al Khaimah na Fujairah, na watumishi wa majumbani wamo. Tajiri asipomkatia mtu wake bima, kibali cha ukaazi hakitoki, wala hakihuishwi. Mlipaji ni yeye. Na bima ya msingi yenyewe inaanzia dirham 320 kwa mwaka! Mtu kamudu kukuvusha bahari kwa ndege, leo ashindwe na hizo, azichomoe kwenye jasho lako? Nitolee!

Ila msidanganyane kwamba ukiwa na bima hutoi kitu. Ukilazwa unachangia asilimia 20, isizidi dirham 500 kwa mara moja, wala 1,000 kwa mwaka. Ukitibiwa na kurudi, asilimia 25, mwisho dirham 100. Dawa, asilimia 30. Kwa hiyo mshahara usiutume wote nyumbani. Bakiza cha homa. Na mwenye sukari au presha aseme mapema, kwani bima hiyo haina muda wa kusubiri kwa maradhi sugu.

Kinachoniuma mimi ni bima kulipiwa halafu karatasi zikafungiwa kabatini kwa tajiri, pamoja na kitambulisho. Mtu anatetemeka kwa homa usiku, anangoja mwenye ufunguo aamke! Bima ya namna hiyo inamlinda nani?

Nikamwambia binti: kabla hujapanda ndege, uliza kampuni gani ya bima, na hospitali ipi iliyo jirani na unakokwenda. Ukifika, zipige picha hati zako, umtumie mama.

Hakujibu. Akatoa simu, akampigia wakala palepale, sauti akaifungulia. Benchi likanyamaza, vikombe mkononi, tukisikiliza simu ikiita.