Bosi Kasema Tung'ate Risasi

Jamani, nyie mnaosoma hapa mkiwa mmekaa, shukuruni Mungu. Mwenzenu visigino vinawaka moto. Natembea kwa miguu kutoka Posta mpaka Buguruni. Mnazi Mmoja nimepita, Barabara ya Uhuru nimeimaliza yote, jua la jioni linanichoma usoni. Viatu vyenyewe mtumba, soli ilishakata tamaa. Na haya yote kisa Kiingereza.

Iko hivi. Ofisini tumeletewa bosi mpya. Mswahili mwenzetu kabisa, ugali anakula, lakini kikao kikianza tu, Kiswahili anakiacha mlangoni. Akiongea, wote tunatikisa vichwa. Mimi natikisa kuliko wote, maana nakaa mbele. Nakaa mbele kwa sababu ya feni.

Siku hiyo akakunja uso, akaweka tai sawa, akatamka: "We have to bite the bullet." Mimi nikasikia baiti. Nikachangamka! Baiti si nazijua? Si ndiyo zile megabaiti na gigabaiti za kwenye simu? Buleti nikajua ndiyo jina la kifurushi. Siku hizi vifurushi vina majina hata mwenye laini hayajui. Kumbe kampuni inatugawia bando! Na mimi naishi kwa kuomba intaneti kwa dada wa mapokezi, mpaka kabadilisha nywila kwa ajili yangu.

Bosi akauliza nani yuko tayari kuanza. Nikanyoosha mkono. Nikaona haitoshi, nikasimama. Nikatoa neno la shukrani kwa niaba ya wafanyakazi wote. Nikasema jambo hili tumelisubiri kwa hamu, na kama uwezekano upo, lianze leo leo.

Likaanza leo leo. Posho ya nauli, imefutwa. Ovataimu, imefutwa. Chai ya saa nne imefutwa pamoja na maandazi yake. Dereva wa ofisi, mtu mpole, swala tano, alinifuata mpaka chooni kuniuliza nimelipwa shilingi ngapi.

Sasa kosa langu liko wapi? Mtu akisema nakukata nauli, nitaelewa. Hata akiniandikia kwenye karatasi nitaelewa.

Jioni nikapita kijiweni, nikamkuta mwalimu mstaafu. Shikamoo mwalimu, marahaba, nikamweleza. Alicheka mpaka kashata ikampalia. "Mmeambiwa mng'ate risasi, kijana wangu. Mjikaze." Nikamwagizia kahawa nyingine, maana mzee yule kikombe kikiwa kitupu hafundishi.

Akasema zamani kulikuwa na Mwingereza, Francis Grose, aliyekusanya maneno ya mitaani akayatia kwenye kamusi. Toleo la 1796 lina habari za askari wao waliokuwa wakichapwa mjeledi wa mikia tisa. Anayepiga kelele anabandikwa jina la ndege, nightingale, yule anayeimba usiku. Basi wengine, kukwepa aibu, wanatafuna risasi. Mjeledi unashuka mgongoni, wao kimya. Wapo wanaosimulia kwamba ni majeruhi waliokuwa wakipasuliwa, kabla etha haijaonyeshwa hadharani kule Boston mwaka 1846 kwamba inaondoa maumivu. Mwalimu anashikilia ya mjeledi. Baadaye Rudyard Kipling akautia msemo huo kwenye riwaya yake ya The Light That Failed, 1891, na leo umefika kwenye kikao chetu.

Nikamuuliza kitu kimoja tu. Yule aliyeshika mjeledi, yeye alikuwa anatafuna nini? Mwalimu akanywa kahawa.

Maana bosi wetu gari lake bado linajazwa mafuta na kampuni. Nimeliona kwa macho yangu. Lilinipita Ilala, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza, akanipungia mkono. Na mimi nikampungia! Mkono huu huu.

Halafu sisi na risasi tuna mambo yetu ya zamani. Mwaka 1905 mganga Kinjekitile, kule Ngarambe, aliwaambia watu kwamba risasi za Mjerumani zitageuka maji. Hazikugeuka. Lakini mzee wa watu walau alitaka zisitufikie. Hakusema tuziweke mdomoni.

Tena mimi huko kung'ata kwenyewe siwezi. Gego la kulia lina shimo. Hata muhindi wa kuchoma nautafunia upande wa kushoto, taratibu, kwa makubaliano.

Nikasema basi, ngoja huu msemo na mimi uniokoe. Mama mwenye nyumba kaja kudai kodi, anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Nikamwambia, "Mama, shikamoo. Hali ni ngumu, safari hii itabidi tung'ate risasi." Marahaba hakuitikia. Yeye kasikia risasi tu. Akaenda kumwita mjumbe. Mjumbe akaja na vijana wa ulinzi shirikishi, wakapekua chumba kizima, majirani wamejaa mlangoni na watoto wamebebwa wasipitwe. Risasi hawakuiona. Chini ya kitanda waliona sufuria la mke wangu, lile alilolitafuta tangu Idi, lina masizi ya maharage niliyounguza nikalificha. Vijana wakaondoka. Mke wangu yeye hakuondoka. Bora wangekuta bunduki.

Leo asubuhi bosi kaniita ofisini kwake. Kanisifu. Kasema tangu afike hajaona mfanyakazi mwenye moyo wa ujasiri kama mimi, aliyesimama mbele ya wenzake bila woga. Kwa hiyo kaniteua mwenyekiti wa kamati ya kubana matumizi. Nikatikisa kichwa. Kamati yenyewe haina posho, na mwenyekiti anatakiwa kufika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya wajumbe.

Wewe kesho bodaboda yako inapita Posta saa ngapi?