Shemeji Alivyoivamia Kompyuta ya Kadi

Msimu wa harusi ukianza, mke wangu hataki mtu aiguse kompyuta yake mpakato. Ndiyo inayomtengenezea kadi za nikahi na za kwanjula, utambulisho wa kiposa wa Kiganda, hapa kwetu Kibuli, kisha anazipeleka Nasser Road zikachapwe. Prosesa yake ni Core 2 Duo, ukoo ulioanza kuuzwa mwaka 2006, na ilifika Kampala, kama nyingine nyingi, ikiwa imeshatumika ughaibuni.

Windows 10 ilipoishiwa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, shemeji yangu, anayekaa nasi kwa muda tangu amalize chuo (muda wenyewe hauishi), akatangaza kwamba ataitia Windows 11.

"Na kadi za Jumamosi?" dada yake akauliza.

"Dada, saa moja tu."

Kikanuni mashine ile haikustahili. Windows 11 inadai prosesa ya Intel ya kizazi cha nane, cha mwaka 2017, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Shemeji alikuwa na flashi iliyotengenezwa kuruka ukaguzi huo. Lakini flashi inaweza kumpumbaza mkaguzi, haiwezi kuifundisha prosesa amri isiyozaliwa nayo. Toleo la 24H2 la Windows 11, lililokuwa kwenye flashi hiyo, linategemea amri iitwayo POPCNT, ambayo kazi yake ni kuhesabu katika namba iliyoandikwa kwa 1 na 0 zimo 1 ngapi na kuacha sifuri. Intel waliileta na Nehalem, mwishoni mwa 2008. Core 2 Duo haiijui. Basi ikawaka, ikafika hapo, ikajizima, ikawaka tena. Mama mkwe, aliyelala sebuleni, akauliza kama ni radi.

Kumbe shemeji alikuwa ameshaifuta diski yote, ili aanze upya.

Kinachoniudhi ni kwamba Core 2 Duo inajua kuhesabu. Itasogeza, itachuja, itajumlisha, hatua kadhaa badala ya moja, na jibu litakuwa lilelile. Programu ingeweza kubeba njia zote mbili na kuiuliza prosesa inapowaka: unaijua hii? Ila njia mbili hujaribiwa mara mbili, na nani ofisini kwa Microsoft bado ana mashine ya 2006? Nawaelewa, kuwasamehe ni jambo jingine. Mwanasayansi wa kompyuta Niklaus Wirth alilalamika tangu 1995 kwamba programu zinazidi kuwa nzito kwa kasi zaidi kuliko prosesa zinavyozidi kuwa nyepesi. Mashine ya mke wangu haijapungua mwendo hata chembe tangu itoke kiwandani.

Alfajiri shemeji akaweka Debian 13, aina ya Linux, ambayo bado inatosheka na amri za msingi za prosesa za biti 64 zilizotoka AMD mwaka 2003. Red Hat, wenye Linux yao, waliziacha hizo mwaka 2022. Toleo lao la 9 nalo linaidai POPCNT. Mafaili ya kadi yakapatikana WhatsApp, kwa mchapaji. LibreOffice ikayafungua, jina la bibi harusi likakatika katikati. Mke wangu alilirekebisha bila kusema neno, akamtuma kaka yake Nasser Road, nauli ya boda juu yake mwenyewe.

Jioni mama mkwe akataka mawaidha ya YouTube. Video zikaja kwa mfumo wa VP9, ambao chipu ya picha ya zamani hizo haiufungui, mzigo wote ukaiangukia prosesa, feni ikaunguruma. "Kuna kiongezi cha kuomba mfumo wa H.264," shemeji akaanza, "nikifuta tu hii..."

Mke wangu akachomoa chaja, akaingia nayo chumbani.