Mwongozo kwa Mshika Koki ya Diski

Hongera. Umekabidhiwa seva moja yenye mashine pepe kumi na mbili, na kila mwenye mashine anaamini diski iliyo chini yake ni yake peke yake. Kazi yako ni kuhakikisha hagundui. Kazi hii jina lake ni mgao, na kama umewahi kuishi mtaa ambao maji hutoka Jumanne na Ijumaa, nusu ya elimu unayo tayari. Iliyobaki ni hii.

1. Usifanye lolote mpaka simu iite

Saa nane usiku mashine ya bakapu huamka na kuanza kusoma kila faili kwa pupa ya mtu aliyefunga akisikia adhana ya magharibi. Dakika tano baadaye simu inaita. Ni mhasibu wa zamu. "Kaka, mfumo unazunguka tu." Mjibu kwa upole: "Dada, uko kwenye foleni." Hujasema uongo, wala hujasaidia.

2. Mkomeshe mwenye pupa kwa kumwekea sifuri

Tuseme unatumia QEMU, programu aliyoianzisha Fabrice Bellard mwaka 2003, ambayo seva nyingi za Linux huitumia kuendeshea mashine pepe. Ina mahali pa kuandika kila diski iruhusiwe maombi mangapi kwa sekunde. Kwa hasira za saa nane usiku, andika 0. Sasa subiri uone. Kwa QEMU, sifuri maana yake ni "hakuna kikomo". Ulitaka kumfungia koki, umeing'oa.

3. Tafuta ndoo, uitoboe

Ukishatulia, weka 100. Hapa ndipo wengi huchanganyikiwa, maana hesabu ya QEMU ni ya ndoo iliyotoboka. Kila ombi la kusoma au kuandika ni maji yanayomiminwa ndani, na tundu la chini linavujisha 100 kwa sekunde. Ndoo ikijaa, anayefuata asimame pembeni hadi nafasi ipatikane. Kwa hiyo usimwonee wivu mwenye ndoo iliyojaa. Hapa tajiri ni mwenye ndoo tupu.

Usipotaja ukubwa wa ndoo, utapewa kikombe cha kutosha moja ya kumi ya sekunde tu, yaani maombi kumi. Ukitaja kilele cha 2000, mteja atapitisha maombi 2000 kwa mkupuo, kisha ndoo itachukua sekunde 20 kukauka. Ukiongeza kwamba kilele hicho kidumu sekunde 60, ndoo inakuwa ya maombi 120,000. Mteja atakimbia kwa takriban dakika moja, halafu atarudi kwenye 100 zake. Akitaka kukimbia tena vile vile, atulie dakika 20 ndoo ikauke.

Ndiyo maana onyesho mbele ya bosi lisizidi dakika moja. Akiuliza maswali, mpeleke akanywe chai kwa dakika ishirini.

4. Hesabu vichwa, usihesabu madumu

Ukiacha mipangilio ilivyo, ombi ni ombi. Mwenye chupa ya maji na mwenye boza wanahesabiwa sawa, mmoja mmoja. Mtu wa bakapu atalipenda hilo, kwa sababu yeye huja na boza kila mara, wakati hifadhidata ya mhasibu inakuja na vikombe.

Ukiona haya, weka kipimo cha baiti 4096. Hapo ombi la kilobaiti 8 litahesabiwa mawili, la kilobaiti 6 litahesabiwa moja na nusu, na lililo chini ya kilobaiti 4 litabaki moja. Habari za nusu ombi usimwambie mhasibu. Atataka risiti.

5. Foleni ikiwa ndefu, irefushe

Huu ni ushauri utakaoupata kwa kila mjuzi: ongeza nafasi za kusubiri. Usikumbuke hesabu ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961, kwamba idadi ya wanaosubiri ni kasi ya kuhudumiwa mara muda wa kusubiri. Nafasi zikiwa 64, maombi 64 mbele ya koki ya 100 kwa sekunde ni sekunde 0.64 kwa kila atakayekuja nyuma yao. Ni kidogo, utasema. Lakini ukurasa wa mhasibu unaosoma diski mara 20, moja baada ya nyingine, utafunguka baada ya karibu sekunde 13. Ukifanya nafasi kuwa 128, koki haitaongeza hata tone. Utakuwa umewaongezea watu benchi la kukalia.

Ndani ya mashine yake mhasibu haoni foleni hiyo. Anachoona ni diski iliyozeeka ghafla. Linux yake itavumilia, na mchakato ukikwama zaidi ya sekunde 120, kwa kawaida itaandika lalamiko kwenye kumbukumbu zake, mahali ambapo hakuna anayesoma.

6. Watie wote kapu moja, na wewe uwemo

Tangu toleo la 2.4 la mwaka 2015, QEMU inakuruhusu kuziunganisha diski kadhaa ziwe kundi lenye kikomo kimoja. Zamu inazunguka, kila mmoja na foleni yake. Weka humo bakapu, mhasibu, na kwa ajili ya haki, mashine yako ya kuangalia grafu.

Utaratibu wake ni wa kijiji. Nafasi ikiwa bado, mmoja hutega kengele, na wenzake, wakiona imeshategwa, hawategi zao. Wanalala wakijua ikilia wataamshwa. Sasa jiulize: aliyetega akihama usiku na kengele yake? Wenzake wataendelea kulala hadi kiama. Hili si fumbo. Lilikuwa kosa halisi ndani ya QEMU, likarekebishwa mwaka 2018: diski moja ikitoka kwenye kundi huku kengele ikiwa yake, waliobaki wangeweza kuganda. Kwa hiyo ukitaka burudani ya aina hiyo, tumia toleo la kale.

7. Badilisha kikomo, usimwamshe mtu

Hatua hii QEMU itakuharibia. Ukipandisha kikomo kutoka 1 hadi 1000, waliolala kwa hesabu ya zamani wangestahili kuendelea kulala. Yenyewe inawaamsha wahesabiwe upya. Na ukitaka kusimamisha diski ili uihamishe, inaondoa kikomo kwa muda na kuwapitisha wote waliokuwa wamezuiwa.

Mgao wa namna gani huu, unaofungua koki mlinzi akiwa anafunga ofisi? Ni kwa sababu ombi lililo kwenye foleni ni deni. Mteja ameshakukabidhi mzigo wake na anangoja neno moja: umefika. Kumchelewesha unaruhusiwa, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Kumpotezea huruhusiwi. Ukimrudishia jibu la kosa, mfumo wake wa mafaili unaweza kujifunga na kukataa kuandikwa tena, na hapo mhasibu hatapiga simu. Atakuja.

8. Thibitisha kazi yako

Simu inaita tena. "Kaka, bado inazunguka." Safari hii unayo majibu: kikomo kipo, ndoo ipo, vipimo ni vya haki. Unamwambia asubiri kidogo, unafungua grafu zako umwonyeshe kwa takwimu kwamba foleni inasogea.

Grafu inazunguka.

Inazunguka tu. Angalia hatua ya 6.