YAH: OMBI LA KUITAFUTIA OFISI CHUPA YENYE MAJINA MATATU

Kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kanda ya Magharibi, Tabora.
Nakala: Shirika la Viwango (TBS), Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Wakazi wa Ipuli, hapa Tabora, wana chupa mkononi na hawajui waipeleke mlango upi. Wameiagiza kwa daktari maarufu wa mitandaoni: koti jeupe, stethoskopu shingoni, video ya kuyeyusha kitambi na nyama uzembe bila mtu kuacha ugali. Hela huenda kwa simu, mzigo huja na basi.

Zamani ilikuwa rahisi. TFDA ilibeba chakula, dawa na vipodozi pamoja. Julai 2019 chakula na vipodozi vikahamia TBS, TFDA ikawa TMDA. Miti shamba ilishapata Baraza lake kwa sheria ya 2002. Daktari wa chupa anaijua mipaka hiyo kuliko mawakili. Akiulizwa kuhusu dawa, anajibu ni kirutubisho. Akiulizwa kuhusu kirutubisho, ni miti shamba tu, ya mababu. Mteja akiuliza, ni tiba kamili.

Watu wa misafara ya zamani ya Tabora wangemwonea wivu kwa kuivuka mipaka bure. Wao walilipa hongo, yaani ushuru wa njia, kwa kila mtemi njiani, na mwaka 1871 mtemi Mirambo akaifunga njia ya Ujiji kabisa.

Koti la daktari nalo lina historia hapa. Kwihara, jirani tu, mwaka 1872 David Livingstone alikaa miezi akisubiri wapagazi. Huyo alisomea udaktari kweli, na vidonge vyake vya homa alivichanganya mwenyewe: kwinini na dawa kali za kuendesha tumbo. Baadaye Burroughs Wellcome wa London wakaviuza kwa jina lake. Angalau kwinini ilikuwemo.

Kusomea nako si kinga. Marekani, Mehmet Oz, daktari bingwa wa moyo, aliisifia kahawa ya kijani kwenye televisheni kuwa inapunguza mwili. Juni 2014 Seneta Claire McCaskill akambana kwa maswali. Utafiti uliotegemewa ulikuwa wa watu 16; mwaka huohuo waandishi wake wakauondoa jaridani, na kampuni iliyoufadhili ikakubali kulipa dola milioni 3.5. Oz? Tangu 2025 anasimamia bima za afya za serikali ya nchi yake. Kupungua hakumhusu.

Ipuli haiombi makubwa. Kuna dawa iitwayo sibutramini, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo, na bado hunaswa ikiwa imefichwa katika bidhaa za kupunguza unene zinazojiita za asili. Basi ofisi tatu zikae meza moja, zikubaliane chupa ni ya nani, kisha maabara iseme kilichomo.

Mkikosa nafasi, wauza asali wa Tabora, ambao mpaka leo huiita asali asali, wanaomba wakopeshwe makoti meupe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Ipuli.