Mababu Ndani ya Runinga

Sisi Jopadhola wa Uganda hatuoi ndani ya ukoo wetu, na wazee wa kwetu Petta hawaishii kwa ukoo wa baba. Watauliza bibi mzaa mama alizaliwa kwa nani, na mama yake huyo bibi naye alitoka wapi. Kwa hiyo mdogo wangu alipotangaza kwamba amepata mchumba Busia, swali liliingia nyumbani kabla chai haijapoa. Mama wa bibi yake yule binti aliitwa Athieno. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, akaruka: Athieno ni wetu, ndoa hakuna. Baba akamtuliza: "Dada, tusibishane. Yumo kwenye kompyuta."

Kompyuta yenyewe ilikuwa imekufa. Ilikuwa Macintosh LC, ambayo Baba aliachiwa na mwajiri wake alipomaliza kazi ya uchapaji Nairobi, na kama nyingi za aina yake, kapasita zilivuja zikaila bodi. Miaka ya 1990, jioni baada ya kazi, Baba alikuwa ameingiza ukoo mzima kwa HyperCard, programu ya Bill Atkinson iliyotolewa na Apple mwaka 1987. Kila mtu ana kadi yake. Ukibonyeza jina la baba yake unafika kwa baba. Ukibonyeza la mama unavuka hadi kwa wajomba. Apple iliacha kuuza HyperCard mwaka 2004. Kilichobaki kwetu ni disketi ndani ya kopo la Blue Band.

Mpwa wangu, anayesoma Kampala, alishauri tuyaandike majina upya kwenye daftari. Nilisimama na Baba kukataa, na ningekataa tena leo. Daftari lingetupa majina tu. Njia za kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine ndiyo kazi aliyoifanya Baba, na ukizikata umebaki na orodha ya marehemu.

Juu ya kabati kulikuwa na Amiga 1200, ambayo Mjomba aliileta kutoka Leicester kwa michezo ya watoto. Runinga za Uganda zilifuata mfumo uleule wa PAL wa Uingereza, kwa hiyo tangu siku ya kwanza ilichomekwa sebuleni ikafanya kazi. Baba aliipendea prosesa yake: Motorola 68EC020 ya megahezi 14, ndugu wa damu wa ile 68020 ya megahezi 16 iliyokuwa ndani ya LC. Programu ya ShapeShifter, aliyoiandika Christian Bauer wa Ujerumani, haihangaiki kutafsiri amri za Macintosh moja moja, maana prosesa inazijua tayari. Inachodai ni vitu viwili: nakala ya ROM (chipu ya programu za kudumu) ya Macintosh, ambayo Baba aliitoa kwenye LC ilipokuwa hai, na faili moja kubwa kwenye diski kuu. Faili hilo Macintosh ya kuigizwa hulichukua kuwa ndiyo diski yake.

Diski kuu yetu ilikuwa kadi ya CompactFlash ya gigabaiti 8, iliyotoka kwenye kamera ya mpiga picha wa harusi mjini Busia. Mpwa aliigawa sehemu tatu: ya Workbench (mfumo wa Amiga yenyewe), ya Macintosh ya Baba, na ya watoto. Disketi alizisomea kwenye laptopu yake, kwa sababu mlango wa disketi wa Amiga hausomi zile za megabaiti 1.44. Tulipoiwasha kwa rangi, ilitambaa: Amiga hupanga rangi tabaka kwa tabaka, Macintosh hupanga nukta kwa nukta, na kila picha lazima igeuzwe kwanza. Baba akachagua nyeusi na nyeupe, ambako mashine zote mbili hupanga sawa, nayo ikakimbia. Mama, ambaye hakubali mtu aguse runinga saa ya habari, alikaa chini akaanza kututajia majina ya upande wake yaliyokosekana. Baba akayaingiza yote.

Usiku wa kuamkia ugeni wa ndugu za yule binti, mpwa akawafungulia watoto sehemu yao, wakajaza michezo.

Asubuhi runinga ilionyesha disketi ikiingia kwenye mlango wake, tena na tena. Mashine haikuona kitu cha kuwashia. Sababu tuliijua baadaye. Programu ya diski iliyomo kwenye ROM ya Amiga hii huhesabu mahali pa data kwa namba ya biti 32, mwisho wake baiti 4,294,967,296. Ukivuka hapo hesabu inarudi sifuri, bila onyo lolote. Sehemu ya watoto ilikuwa ng'ambo ya mpaka huo, kwa hiyo michezo iliandikwa mwanzoni mwa kadi, juu ya Workbench na juu ya mababu.

Nakala ya faili ilikuwa kwenye laptopu, na mpwa alishaondoka nayo alfajiri kwenda Tororo mjini. Tukamtuma kijana wa boda. Wageni wakafika, wakakaa, chungu cha pombe ya wimbi kikazungukwa na mirija, na Shangazi akasimama kutaja ukoo kwa kichwa huku Baba akiingiza disketi za Workbench moja baada ya nyingine na kuigawa kadi upya, safari hii chini ya gigabaiti 4. Mpwa alirudi akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi.

Kadi ya Athieno ikafunguka mbele ya wote. Athieno wetu aliolewa Nagongera na alizaa wavulana watupu. Hangeweza kuwa mama wa yule bibi. Shangazi aliisogelea runinga, akasoma, akasema basi ndoa iendelee.

Majina ya Mama hayakuwemo, maana nakala ya laptopu ilikuwa ya kabla hajayataja. Aliyarudia Jumapili, saa ya habari, na safari hii nakala moja ilikwenda Kampala na nyingine ikaingia sandukuni mwake. Watoto walinunuliwa kadi yao.

Kabla wageni hawajaondoka, mzee wao aliuliza kama Athieno wa kwao naye anaweza kuwekwa. Baba akafungua kadi mpya, akamwuliza mama yake ni nani. Mzee akataja, akataja na mama wa huyo, na kwa yule wa tatu nduguye akamkatiza kwamba siyo, wakabishana hadi giza likaingia.