Chupa Tano za Pinotage

Jumatatu
Tumekubaliana barazani kwa Fundi Cherehani, hapa Bugembe, kwamba Ijumaa tutaonja mvinyo mwekundu: chupa tano, zabibu aina moja, ili ijulikane nani ana ulimi. Mimi ni katibu kwa sababu nina kalamu. Mama Pacha alitaka mvinyo wa Dodoma, ambako zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka. Jinja hatukuupata. Tumeangukia Pinotage ya Afrika Kusini.

Jumanne
Nimesoma nisije nikaaibika. Profesa Abraham Perold aliizalisha zabibu hii Stellenbosch mwaka 1925, kwa kukutanisha Pinot Noir na Cinsaut. Huko Cinsaut waliiita Hermitage. Ukiunganisha majina hayo mawili unapata Pinotage. Nimewaeleza kidato cha pili badala ya ngeli. Mmoja akauliza Pinotage iko ngeli gani. Nikasema tutaona kesho.

Jumatano
Sina la kuandika. Hawakusahau.

Alhamisi
Mama mkwe alikuja kutusalimu. Mwanangu akaichomoa chupa chini ya kitanda na kumpelekea sebuleni, akisema ni juisi ya Baba. Mama mkwe ni mlokole, na kwa desturi yetu mimi na yeye hatutazamani, kwa hiyo nilikuwa jikoni, nyuma ya mlango. Alimtuma mke wangu aniulize naumwa nini. Nikamtuma arudi aseme sijambo.

Ijumaa
Vitabu vinataka mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Baraza ya Fundi imeezekwa mabati na inatazama barabara ya Iganga. Nilikuwa nimezifunga chupa kwa magazeti na kuzipa namba, mtu asihukumu kwa kusoma lebo. Tukazitia kwenye beseni la maji zipoe. Wino ukatoka, namba zikatoka nao, magazeti yakabaki yameganda. Nikaandika namba upya kwa mkaa, kwa kukisia.

Chupa nne zilikuwa na vifuniko vya kuzungusha. Ya tano ilikuwa na kizibo, na kizibuo hakuna. Fundi akakisukumia ndani kwa mpini wa bisibisi. Kizibo kiliingia, mvinyo ukatoka. Nyuma yake ilining'inia kanzu ya mteja anayekwenda kujitambulisha ukweni kesho. Sasa ina nukta 11 kifuani. Nilizihesabu, maana mimi ni katibu.

Tukaonja. Mama Pacha alinusa namba moja, akasema, "Ndizi." Namba mbili: "Ndizi." Namba tatu: "Ndizi iliyosahauliwa." Kijana wa boda akasema yeye anasikia dawa ya kutolea rangi ya kucha. Malori ya miwa yalikuwa yakipita kwenda Kakira, vikombe vikitetemeka, nami naandika ndizi, ndizi, ndizi, kucha.

Na walikuwa sahihi! Pinotage changa husemwa kwa hilo hasa. Chachu ikifanya kazi huweza kutoa isoamili asetati, kemikali ileile inayonukia katika ndizi mbivu. Nilisimama niwaeleze. Fundi akaniomba nisikae tena, nilikuwa nimekalia chumvi anayosugulia kanzu.

Ndoo ya kutemea ilibaki kavu. Ilikuwa na ganda moja la karanga.

Jumamosi
Asubuhi amepita Mzee jirani, ambaye ametengeneza mwenge bigere, pombe ya ndizi, maisha yake yote. Akanusa kilichobaki cha namba tatu.
"Ndizi za mbidde?"
"Hapana, Mzee. Zabibu tupu."
"Walikanyaga kwa miguu?"
"Zamani, ndiyo."
"Na majani?"
"Hakuna majani."
"Mtama wa kukaanga je?"
"Hapana, ssebo."
Alinirudishia chupa kwa mikono miwili, akanipa pole. Kisha akaomba chupa tupu. Nimempa tatu. Moja ina kizibo ndani. Nimemsikia akiitikisa hadi alipokata kona.

Mchana tumemsindikiza mteja ukweni. Alivaa koti juu ya kanzu, kama wote wavaavyo, na jua lilikuwa la kupasua mawe. Fundi aliketi karibu naye tangu mwanzo hadi chakula, akimpepea kwa gazeti.